Orodha ya filamu bora za Jackie Chan ipangwe upya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze kwa nini sikubaliani na orodha ya filamu kumi bora za Jackie Chan iliyochapishwa katika ukurasa wa burudani wa gazeti lako Jumamosi iliyopita. Mwandishi wa orodha hiyo aliiweka Rush Hour ya mwaka 1998 katika nafasi ya kwanza, akaifuatisha The Karate Kid ya mwaka 2010, akaishusha Police Story ya mwaka 1985 hadi nafasi ya saba, na Drunken Master ya pili, ile ya mwaka 1994, hakuitaja kabisa. Kigezo alichokieleza ni kwamba filamu iliyoingiza fedha nyingi na kujulikana katika nchi nyingi ndiyo bora. Sina ugomvi naye, na ninashukuru kwamba gazeti la Kiswahili limempa mwigizaji huyu ukurasa mzima, lakini kigezo hicho kinapima nguvu za kampuni za Marekani katika kusambaza filamu, na kazi ya mwigizaji mwenyewe kinaiacha bila kupimwa.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kabla sijapata meza yangu ya ufundi, nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika kibanda cha video kilichokuwa karibu na stendi ya Tukuyu, katika miaka ya 1990. Kazi yangu ilikuwa kukusanya kiingilio mlangoni, kuwasha jenereta umeme unapokatika, kusafisha kichwa cha deki, yaani mashine ya kuchezea mikanda ya video, kwa kitambaa cheupe na spiriti, na kurudisha mikanda nyuma kabla ya onyesho linalofuata. Vijana wa leo huenda wasijue kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na hata baada ya hapo ilichukua muda kabla matangazo hayajawafikia watu wa wilayani, kwa hiyo kwetu sisi kibanda ndicho kilichotuonyesha dunia. Katika kibanda hicho niliitazama mikanda ya Jackie Chan mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote, na naamini nina jambo la kusema juu yake.

Anayeifahamu Tukuyu anaifahamu mvua yake, ambayo huweza kuanza asubuhi kabla maji ya chai hayajachemka na ikawa bado inanyesha watu wanapofunga milango usiku. Kibanda chetu kiliezekwa kwa bati bila dari. Mvua ilipoanza kulipiga bati hilo, sauti ya televisheni ilipotea yote, na mtafsiri wetu, kijana aliyesimama kando ya skrini akitueleza kwa Kiswahili yale maneno ya Kiingereza yaliyobandikwa juu ya lugha ya Kichina, alinyamaza na kukaa kwenye benchi kama watazamaji wengine. Hapo mkanda ulibaki peke yake na macho ya watu. Nimeona mikanda mingi ya mastaa wakubwa ikishindwa mtihani huo: baada ya dakika kumi watu walianza kuzungumzia bei ya majani ya chai, wengine wakajifunika makoti na kusinzia, na wengine wakaja mlangoni kudai warudishiwe fedha zao. Mikanda ya Jackie Chan aliyoitengeneza Hong Kong haikushindwa hata mara moja. Watu sitini waliobanana kwenye mabenchi walicheka kwa pamoja, walishtuka kwa pamoja, na waliinuka kwa pamoja, ilhali hakuna aliyesikia neno lolote.

Miongoni mwa wateja wetu wa kudumu alikuwapo mzee aliyefanya kazi na Wachina wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, uliofanyika kati ya mwaka 1970 na 1975. Siku moja tulipata mkanda ambao haukuwekewa Kiingereza, tukamwomba mzee atutafsirie. Alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa, akasema kwamba hawa si Wachina wake. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba filamu za Hong Kong huzungumzwa kwa Kikantoni, ambacho ni tofauti na Kichina alichokizoea mzee kule relini. Hata hivyo hakuondoka. Aliutazama mkanda ule hadi mwisho na alicheka kila mahali tulipocheka sisi.

Kigezo changu basi ni hicho. Filamu bora ya Jackie Chan ni ile ambayo mtazamaji anaielewa na kuifurahia kwa kumtazama yeye, hata akinyimwa maneno yote. Kigezo hiki kinatokana na asili ya mwigizaji mwenyewe. Alizaliwa Hong Kong tarehe 7 Aprili 1954, akapelekwa angali mtoto katika shule ya opera ya Kichina iliyoongozwa na mwalimu Yu Jim-yuen, akakulia humo akifundishwa kuimba, sarakasi na mapigano ya jukwaani pamoja na wenzake akina Sammo Hung na Yuen Biao. Mtu aliyelelewa hivyo huzungumza kwa magoti, kwa viwiko na kwa macho. Ukimpangia nafasi kwa filamu ambazo ndani yake mwenzake ndiye anayezungumza na yeye anasubiri, hujamtendea haki.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza ni ya Police Story, na ninaomba nikae hapo kidogo kwa sababu ndipo ilipo sababu kubwa ya barua hii. Aliiongoza mwenyewe akiwa na umri wa miaka 31, akaigiza humo kama askari polisi wa Hong Kong anayemfuatilia mfanyabiashara wa dawa za kulevya. Filamu inaanza kwenye kitongoji cha mabanda yaliyoshika mteremko wa kilima, na katika dakika za mwanzo tu magari yanashuka kilima hicho yakipita katikati ya mabanda, mbao na mabati yakiruka huku na huku. Sisi ambao tumekulia kwenye miteremko, na ambao tunaziona nyumba zinavyopanda kuelekea mlima Loleza hapa Mbeya, tuliielewa hatari ile bila kuelezwa na mtu. Kisha anakimbilia basi la ghorofa kwa miguu, analinasa kwa mpini wa mwavuli, ananing'inia nje basi likikata kona, anaanguka, anateremka kilima kwa njia ya mkato na kusimama mbele ya basi hilo akiwa na bastola mkononi. Dereva anafunga breki, na majambazi wanatoka kupitia vioo vya ghorofa ya juu hadi barabarani. Yote haya ni kabla mgogoro wa hadithi haujaanza barabara.

Mwisho wake unatokea katika jengo kubwa la maduka, ambalo lilipigiwa picha usiku kwa sababu mchana lilikuwa likifanya biashara. Vioo vinavyovunjika humo ni vingi mno. Inasemekana wasaidizi wake wenyewe waliibatiza filamu hiyo jina la hadithi ya vioo. Kilele chake ni pale anapopanda ukingo wa ghorofa ya juu, anarukia nguzo iliyozungushiwa taa za mapambo na kuteleza nayo hadi chini, taa zikipasuka njia nzima, kisha anapenya paa la kioo na kutua sakafuni. Hakukuwa na kamba wala mtu mwingine aliyevaa nguo zake. Aliungua viganja, akaumia mgongo na nyonga. Tukio hilo lilifanyika mara moja, lakini ndani ya filamu amelionyesha mara tatu mfululizo, kila mara kutoka upande mwingine, ili kila mtu aone kwamba ni yeye.

Nina ushahidi wa kifundi juu ya tukio hilo. Mkanda wa VHS ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na kila unapopita kwenye kichwa cha deki huchubuka kidogo. Mahali panaporudishwa nyuma mara nyingi huchakaa mapema kuliko pengine, na dalili yake ni chenga, yaani ile mistari myeupe inayokatiza picha. Katika mkanda wetu wa Police Story chenga zilianza nusu dakika kabla ya nguzo na kuisha nusu dakika baada yake. Sehemu nyingine zote zilikuwa safi. Watazamaji walikuwa wakipiga kelele, "Rudisha, rudisha," nami nilirudisha, wakati mwingine mara nne katika onyesho moja, ingawa tajiri wangu alinikataza kwa sababu ya kuilinda deki. Kwa hiyo hesabu ya kura za watu wa Tukuyu iliandikwa kwenye utepe wenyewe, na mkanda ule ninao hadi leo kwenye rafu ya karakana yangu. Hong Kong kwenyewe nako hawakuona tofauti na sisi, maana filamu hiyo ilipewa tuzo ya filamu bora katika Tuzo za Filamu za Hong Kong mwaka 1986.

Nafasi ya pili naipa Drunken Master ya mwaka 1994, na nakiri kwamba wako watu ninaowaheshimu ambao wangeiweka ya kwanza. Huyu ni Jackie Chan wa miaka karibu 40, akirudia nafasi ya Wong Fei-hung, shujaa wa mapigano wa Kichina, aliyoiigiza ujanani mwaka 1978 katika Drunken Master ya kwanza. Hadithi yake ina uzito ambao filamu zake nyingi hazina, kwa kuwa inahusu vitu vya kale vya Wachina vinavyotoroshwa nje ya nchi kwa msaada wa balozi mdogo wa Uingereza, jambo ambalo Mwafrika halihitaji kutafsiriwa. Mapema kuna pigano chini ya treni iliyosimama, yeye akipambana na Lau Kar-leung, mzee wa miaka 59 ambaye pia ndiye aliyetajwa kuwa mwongozaji wa filamu, wote wawili wakiwa wameinama mahali ambapo mtu hawezi hata kunyoosha mgongo. Mwishoni, katika kiwanda cha chuma, anakutana na Ken Lo, ambaye katika maisha ya kawaida alikuwa mlinzi wake, na ambaye mguu wake mmoja unafanya kazi ya mikono miwili: unapiga, unazuia, unarudi kupiga tena kabla haujagusa chini. Jackie Chan anasukumwa juu ya makaa ya moto na kutambaa humo kwa mgongo. Kibanda kizima kilinyanyua miguu juu ya mabenchi, kana kwamba makaa yale yalikuwa kwenye sakafu yetu.

Siwezi kuiacha filamu hiyo bila kumtaja Anita Mui, aliyeigiza kama mama wa kambo wa shujaa ingawa alikuwa mdogo kwa Jackie Chan kwa miaka tisa. Nje ya kibanda chetu alikuwapo mama aliyeuza ndizi za kuchemsha, ambaye kwa kawaida hakuingia ndani, kwa kuwa vibanda vilihesabiwa kuwa mahali pa wanaume. Siku moja alichungulia mlangoni akamwona mama yule wa kwenye skrini akimficha mumewe michezo yake ya mahjong, mchezo wa kamari wa Kichina, na papo hapo akimchochea mwanawe apigane. Alitua sinia lake juu ya pipa la dizeli na kutazama akiwa amesimama. Kuanzia siku hiyo kila mkanda huo ulipowekwa alitumana aitwe, na mimi sikumtoza kiingilio.

Nafasi ya tatu ni ya Project A ya mwaka 1983, kwa sababu ya mnara wa saa. Ananing'inia kwenye mshale wa saa kama alivyofanya Harold Lloyd katika filamu isiyo na sauti ya mwaka 1923, lakini yeye anaachia, anachana turubai mbili na kutua ardhini. Ya nne ni Wheels on Meals ya mwaka 1984, iliyopigwa Barcelona chini ya uongozi wa Sammo Hung, ambayo ningeiweka hapo hata kama isingekuwa na kitu kingine zaidi ya pigano lake na Benny Urquidez, bingwa halisi wa ngumi na mateke, ambaye upepo wa teke lake unazima mishumaa mezani. Ya tano ni Police Story ya tatu, ya mwaka 1992, na hapa heshima naigawa nusu kwa nusu, kwa maana Michelle Yeoh anaruka na pikipiki hadi juu ya paa la treni inayokwenda, naye Jackie Chan ananing'inia kwenye ngazi ya helikopta juu ya jiji la Kuala Lumpur. Watu waliozoea kuona mabehewa ya TAZARA yakipita walijua treni ni kitu cha namna gani, na hakuna aliyemwona mama yule kuwa msindikizaji.

Who Am I? ya mwaka 1998 inastahili kutajwa, ingawa si kwa furaha tupu. Kule Rotterdam anateremka kwa kukimbia na kubiringika kwenye ukuta ulioinama wa jengo refu, tukio ambalo hadi leo linanitoa jasho la viganja. Lakini sehemu yake ya mwanzo imepigwa Afrika Kusini, na Waafrika waliomo wamechorwa kama watu wa porini wa kwenye vitabu vya wakoloni, jambo lililotukera sisi tuliokuwa tumempenda kama ndugu. Kwa sababu hiyo siipandishi juu ya nafasi ya saba, nyuma ya Drunken Master ya mwaka 1978.

Sasa nirudi kwenye Rush Hour. Mkanda wake ulitufikia kibandani ukiwa umetanguliwa na sifa nyingi, na katika jua ulipendwa. Ilipofika siku ya mvua, tuligundua kwamba sehemu kubwa ya uchangamfu wake imo katika mdomo wa mwigizaji mwenzake, Chris Tucker, ambaye ni mchekeshaji hodari, na mdomo huo ulipozimwa na bati, filamu ilibaki na nusu. Mapigano yapo, lakini picha inakatwa kila pigo linapotaka kufika, kamera inasogea karibu mno, na mtu aliyekaa benchi la nyuma akitazama televisheni ya inchi 14 haoni miguu imesimama wapi. Katika zile za Hong Kong kamera inakaa mbali na kutulia, ukaona anayepiga na anayepigwa kwa pamoja, ukaona na kiti kitakachotumika kabla hakijashikwa. Tofauti hiyo si bahati. Hong Kong, kampuni ya Golden Harvest ilimpa muda na mamlaka ya kurudia tukio moja mpaka aridhike, akiwa na kikosi chake mwenyewe cha waigizaji wa matukio ya hatari. Marekani aliajiriwa kama mwigizaji chini ya waongozaji wengine, ratiba ilikuwa fupi, na kampuni za bima hazikumruhusu kuhatarisha viungo vyake. Simlaumu kwa kupumzika. Mtu aliyevunjika fuvu la kichwa nchini Yugoslavia wakati wa kutengeneza Armour of God, akabaki na tundu kichwani, ana haki ya kupumzika. Nasema tu kwamba filamu za mapumziko yake zisiwekwe juu ya filamu za kazi yake.

The Karate Kid nisingeitoa kwenye orodha, ila ningeieleza kwa sababu zake. Humo yeye si mpiganaji wa mbele. Ni fundi mwenye huzuni anayemfundisha mtoto kupigana kwa kumwambia avue koti, alitundike, aliangushe na kulivaa tena, siku baada ya siku. Uigizaji huo ni wa kweli, na ule wa The Foreigner ya mwaka 2017, ambamo ni baba aliyempoteza binti yake kwa bomu jijini London, ni wa kweli zaidi, wala sielewi kwa nini mwandishi wako hakuutaja. Ningeziweka hizo mbili katika nafasi ya nane na ya tisa, Rush Hour ikazifuata.

Mwisho, Ndugu Mhariri, nina ombi dogo. Gazeti litakaporudi tena kwenye jambo hili, liandike mwaka na jina la mwongozaji kando ya kila filamu. Vijana wanaokuja karakana kwangu huzitafuta filamu hizi kwenye simu zao, na kwa kuwa majina yanafanana, mmoja aliyetafuta Drunken Master yenye makaa ya moto aliletewa ile ya mwaka 1978, akaitazama yote akiyasubiri makaa ambayo hayamo. Yule yule alipotaka kuona Police Story nilimwekea mkanda wangu wa Tukuyu kwenye deki ya zamani ninayoitunza, na ilipofika kwenye nguzo picha ilijaa chenga kiasi kwamba taa hazikuonekana. Aliniomba nirudishe, nikarudisha.

Wako,
Fundi redio,
Mwanjelwa, Mbeya.